Je, Semina na Virutubisho Vinatosha kwa Wafanyakazi Waliochoka?

SWALI: Daktari, ninasimamia kitengo cha kupokea simu za wateja chenye wafanyakazi 24. Tangu tuongeze saa za zamu, wengi wanalalamikia maumivu ya mgongo, shingo na kichwa, pamoja na kukosa usingizi, na wawili wameshaacha kazi. Uongozi umetenga fedha za semina ya siku moja ya mhamasishaji na za virutubisho vya kupunguza msongo. Je, vinatosha, au tuongeze na mazoezi ya kunyoosha viungo?

JIBU: Ndugu msimamizi, swali kama lako hunifikia mara kwa mara, na mara nyingi jibu huwa limo ndani ya swali lenyewe. Umeandika kwamba malalamiko yalianza tangu mlipoongeza saa za zamu. Semina haipunguzi saa hizo, wala virutubisho. Mazoezi ya kunyoosha viungo sina ugomvi nayo, lakini hayatafika mbali ikiwa mtu anayamaliza kisha anarudi kwenye kiti kilekile, mbele ya skrini iliyowekwa chini mno, kwa muda uleule.

Dhana inayonikera kuliko zote ni ile inayouona uchovu wa kazi kuwa upungufu wa mtu mwenyewe, kana kwamba hakufundishwa kustahimili na akitiwa moyo kwa siku moja atasimama imara. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lilieleza kwamba uchovu huu hutokana na msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na likauweka miongoni mwa mambo ya kazini badala ya kuuita ugonjwa. Mtu huishiwa nguvu, huanza kuichukia au kuidharau kazi aliyokuwa akiipenda, na huona kwamba hafanikishi tena lolote. Atakayemtibu mtu huyo peke yake na kuiacha kazi ilivyo atamrudisha palepale alipoumia.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya namna hiyo, nami nikaomba kuketi zamu nzima kando ya mfanyakazi mmoja, mama wa makamo ambaye kila alasiri aliumwa kichwa. Pembeni ya skrini yake palikuwa na saa iliyohesabu kila sekunde aliyokuwa nje ya simu, na safari ya msalani ilihesabiwa pamoja nazo. Chupa yake ya maji ilikuwa mezani, imejaa, na hadi saa nane mchana hakuwa ameifungua. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba akinywa atalazimika kuinuka. Kwenye droo yake alikuwa na kopo la vidonge vya kuongeza nguvu alivyogawiwa na mwajiri. Nilipendekeza muda wa msalani uondolewe kwenye hesabu ya saa ile, nikaona uongozi ukishangaa, maana walitarajia niwaandikie dawa.

Kwa hiyo anza na kazi yenyewe. Mtafiti Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kinachoumiza zaidi ni mzigo mkubwa unapokutana na uwezo mdogo wa mtu kuamua namna ya kuubeba. Waulize watu wako, bila kuandika majina, ratiba ya zamu hutolewa siku ngapi kabla, nani anaruhusiwa kubadilishana na mwenzake, na kama mtu anaweza kukata simu ya mteja anayemtukana bila kuadhibiwa. Hilo la mwisho mameneja wengi hulipuuza, ilhali kutukanwa kutwa nzima huku umelazimishwa kutabasamu kwa sauti kunachosha kuliko wingi wa simu zenyewe. Saa za kazi nazo zihesabiwe kwa ukweli: makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Viti na urefu wa skrini virekebishwe, mapumziko mafupi yawe haki ya kila mtu, na fedha za mhamasishaji zitumike kuwafundisha wasimamizi, wewe ukiwamo, namna ya kumtambua na kumsikiliza mtu aliyezidiwa.

Sasa niseme la wanaouza njia za mkato, kwa kuwa wameenea maofisini. Wapo wanaokuja na mashine ya kushika kifimbo kwa dakika moja, kisha hutoa karatasi inayodai kusoma ini, figo na hata kiwango cha msongo, na jioni hiyohiyo huuza dawa za kila tatizo lililotajwa. Kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Wapo pia wanaogawa mitishamba bila kuuliza mtu anatumia nini. Mmea unaoitwa St John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda, na ni hatari ukichanganywa na dawa nyingi za sonona. Mwajiri anayegawa vitu hivyo amejitwika udaktari asio nao.

Mfanyakazi ambaye kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni isiyomwachia, hapendezwi na lolote, halali wala hali vizuri, apewe ruhusa yenye malipo akamwone mtaalamu wa afya, na atakayoyazungumza huko yasirudi mezani kwako. Anayesema kwamba afadhali afe asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama semina imepangwa kuanza kesho asubuhi.