Squier au Fender kwa mpiga solo wa kwaya

Ndugu, umeuliza kama kijana wenu wa kwaya hapo Nyamagana anunue gitaa la umeme la Squier sasa au adunduize hadi apate Fender ya Marekani. Mimi ningemshauri achukue Squier. Hiyo ni chapa ya Fender yenyewe, kama Epiphone ilivyo ya Gibson, na kwa kuwa mbao za magitaa ya bei zote siku hizi hukatwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, tofauti ya maumbo imepungua mno. Penye upungufu ni kwenye funguo za kukazia nyuzi, swichi, vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi (pickup) na hasa ncha za freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa. Apitishe kiganja pembeni mwa shingo. Kikikwaruzwa, fundi azipige tupa ncha hizo. Kisha abonyeze kila uzi kwenye freti ya 12 na kusikiliza: sauti iwe ileile ya uzi usiobonyezwa, oktavu moja juu (noti ileile lakini nyembamba zaidi), na ikipishana virekebishwe vitako vya nyuzi kwenye daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwake. Fedha itakayobaki iende kwenye amplifaya nzuri, maana solo ya sebene hudai sauti safi, na amplifaya mbovu huiharibu hata Fender ya bei kubwa.