Ukitaka Kuwa Fundi Saa, Anza kwa Kuuliza

Vijana wanaokuja kwenye meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakitaka kujifunza ufundi saa huanza na habari za vifaa: lenzi ya jichoni inauzwa wapi, bisibisi ndogo ninunue zipi. Vifaa vitapatikana. Mimi huwaambia waanze na maswali. Saa haisimami bila sababu, na mara nyingi mwenye saa anaijua sababu hiyo, ila hajui kama ina maana. Ilidondoka? Iliingia maji? Ilisimama ghafla, au ilianza kuchelewa kidogo kidogo? Usiku unaiweka wapi?

Kuna mama mmoja anayeleta mchele kutoka Kyela. Saa yake ilikuwa ikiingia ukungu ndani ya kioo, hasa Juni na Julai. Alishaipeleka kwa fundi mwingine; ikafunguliwa, ikakaushwa, ikafungwa, na ukungu ukarudi. Baada ya shikamoo nikamuuliza, "Mama, ukiwa kule Kyela ukungu unauona?"

"Siuoni, mwanangu. Ni nikishapanda huku kwenye baridi."

Jibu hilo lilitosha. Kyela iko chini, kando ya Ziwa Nyasa, na hewa yake ni ya joto na ina unyevu mwingi. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mpira wa mfuniko wa nyuma ukishakauka na kupasuka, hewa ya Kyela huingia ndani ya saa. Ikipanda hadi huku kioo kinapoa, na ule unyevu hugeuka matone upande wa ndani. Kukausha peke yake ni kumsumbua mama wa watu. Nilibadilisha mpira wa mfuniko na ule mdogo unaokaa kwenye kichwa cha kurekebishia, nikaipaka grisi ya silikoni kidogo sana, na sikuifunga mpaka mashine ilipokauka kabisa. Wewe unayejifunzia huku nyanda za juu utakutana na ukungu huu tena na tena, kwa hiyo uelewe vizuri.

Saa za betri ndizo zitakulisha. Mteja atakuja amekata tamaa: "Fundi, saa imeharibika, mshale wa sekunde unaruka." Uangalie kwa utulivu. Kama mshale unakaa kimya kisha unaruka sekunde 2 au 4 kwa mpigo, mashine nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi. Ni onyo kwamba betri inakaribia kuisha. Kama unatetemeka pale pale bila kusogea, betri inaweza kuwa dhaifu, au kuna uchafu kwenye gia. Usibahatishe, pima. Betri ya oksaidi ya fedha, kama SR626SW, ikiwa mpya husoma volti 1.55 hivi, na hukaa karibu hapo hapo mpaka mwisho wake. Ile ya bei rahisi ya alkalaini yenye umbo hilo hilo huanza na volti 1.5 na kushuka taratibu, tena ikizeeka huvuja na kula mashine. Mimi simuwekei mteja betri hiyo, hata akilia bei. Nampa maelezo, na wengi wakielewa wanaongeza hela.

Jambo moja zaidi kuhusu saa hizi. Ndani mna fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na ni nadra sana ikosee kwa dakika nzima kwa siku. Saa ya betri ikichelewa kiasi hicho, tafuta kinachoizuia: uchafu, mafuta yaliyoganda, mishale inayogusana.

Saa za kutia ufunguo na za otomatiki ndizo zinazonifanya nisahau chakula cha mchana. Seiko 5 nyingi ninazoletewa hupiga mara 21,600 katika saa moja, yaani mara 6 kila sekunde, na sikio likizoea linaitambua saa iliyochoka kabla hujaifungua. Ikiletwa inayokimbia dakika kadhaa kwa siku, rudi kwenye lile swali la usiku inalala wapi. Ukijibiwa juu ya spika ya redio, shuku usumaku: mizunguko ya ile springi nyembamba ya mizani (gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi) imenatana, springi imekuwa kama imefupishwa, na saa inakwenda mbio. Sogeza dira karibu. Mshale wake ukiyumba, toa usumaku kwanza kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Ukilazimika kuivunja mashine, achia kwanza springi kuu, ile inayoiendesha saa. Kwa saa inayojazwa kwa kuzungusha kichwa, shikilia kichwa, sukuma kile kidole kinachoizuia, kisha kiache kichwa kizunguke polepole kati ya vidole mpaka nguvu iishe. Asiyefanya hivyo akalegeza daraja, yaani kile kibati kinachoshika gia kwa juu, gia hufyatuka na ncha zake huvunjika, na ncha hizo huwezi kuzichonga mezani kwako. Piga picha kwa simu kila hatua. Mafuta ya cherehani yaache kwa fundi cherehani. Saa ina mafuta yake, tone dogo kabisa, na springi ya mizani haiguswi na mafuta hata kidogo.

Jifunze kwa saa za ukutani na za mezani, halafu saa kubwa zilizokufa unazoweza kuzinunua kwa bei ya chuma chakavu. Zivunje na kuzirudisha mpaka vidole vizoee. Funika kazi yako kwa bakuli la kioo kila ukiinuka, maana upepo wa Agosti na Septemba hapa Mbeya hauna huruma na vumbi lake. Ukimpata fundi mzee anayekubali ukae pembeni yake, iwe Kabwe, iwe Iringa mjini au Makambako, sikiliza anavyoongea na wateja kuliko unavyotazama mikono yake.

Na uwe na daftari. Langu lina safu tatu: alichosema mwenye saa, nilichokikuta ndani, nilichofanya. Kila jioni linganisha safu ya kwanza na ya pili. Pale zinapopishana, andika pembeni swali ulilopaswa kumuuliza, na kesho mteja wa kwanza muulize hilo.