Hannibal aliwachapa Warumi, mbona Roma ndo ilishinda?

SWALI: Shikamoo mhariri. Juzi kijiweni tumebishana hadi watu wakanuniana. Mi nasema Hannibal wa Carthage, ule mji wa Afrika Kaskazini, ndo jenerali mkali kuliko wote wa zamani, kavuka milima ya Alps na tembo, kawachapa Warumi hukohuko kwao Italia mara tatu mfululizo, sasa ilikuwaje Carthage ikafutwa na Roma ikaja kutawala mpaka Misri? Alafu ni kweli walimwaga chumvi pale mjini pasiote kitu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwa habari ya uwanja wa vita uko sahihi, sina ubishi. Trebia mwaka 218 KK, Ziwa Trasimene 217, alafu Cannae 216, pale jeshi la Roma lilizungukwa pande zote na waandishi wa kale wanataja waliokufa kuanzia karibu 50,000 hadi 70,000, siku moja tu hiyo.

Nchi nyingine hapo ingeomba yaishe. Hannibal mwenyewe alitegemea hivyo, akatuma mjumbe Roma pamoja na mateka kumi wa Kirumi wakajadili bei ya kuwakomboa wenzao. Mjumbe hata mjini hakuingizwa, Seneti, yani baraza la wakubwa wa Roma, ikakataa kuwakomboa wanajeshi wake yenyewe, badala yake serikali ikanunua vijana 8,000 watumwa kutoka kwa mabwana zao, kila mmoja akaulizwa kama yuko radhi kupigana, wakapewa silaha.

Jeuri hiyo ilitoka wapi? Watu bwana. Roma ikiupiga mji wa Italia ilikuwa inamega ardhi, sawa, ila haikudai kodi ya fedha kila mwaka, ilidai askari. Yani mmeshindwa leo, keshokutwa vijana wenu wako vitani upande wa Roma na nyara wanagawiwa, kwa iyo kila aliyepigwa anaongeza jeshi la aliyempiga. Carthage yenyewe ilitegemea sana askari wa kukodi.

Na Hannibal alilijua hilo vizuri tu, ndo maana mateka wa miji washirika aliwaachia bure waende makwao, akiwaambia ugomvi wake ni na Roma peke yake. Mji wa Capua ukamfuata na miji mingi ya kusini, ila Walatini, majirani wa Roma, na Italia ya kati hawakutikisika, na mpango wake wote ulikuwa umesimama hapo. Warumi wakaacha kumvaa uso kwa uso wakawa wanawashughulikia waliomkimbilia, Capua ikaanguka 211. Miaka 15 anazunguka Italia! Jenerali wa Roma, Scipio, akavuka kwenda Afrika 204, Carthage ikamwita Hannibal arudi, na pale Zama mwaka 202 Scipio akaacha vichochoro katikati ya vikosi vyake, tembo wakapita humohumo bila madhara makubwa, mchezo ukaisha.

Ya chumvi ni stori tu. Mji wa Carthage ulichomwa kweli na Warumi 146 KK, kwenye vita nyingine ya baadaye, na walionusurika wakauzwa utumwani, ila hakuna mwandishi wa kale hata mmoja anayetaja chumvi, imeongezwa karne za karibuni. Tena Warumi haohao wakaujenga upya enzi za Julius Caesar na Augustus, jirani na Tunis ya leo, na ngano nyingi ya kulisha Roma ikawa inapakiwa bandarini pale.