Uvimbe walitoa, kifafa kimebaki

Tangu nitoke hospitali, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Si wameshautoa huo uvimbe? Sasa hizo dawa za kifafa unaendelea kumeza za nini?" Wanauliza kwa nia njema tu, mashangazi, wateja wangu wa kushona, hata ustadhi wa pale mtaani. Jibu langu ni lile lile. Kilichotolewa kichwani ni uvimbe, kifafa ni hesabu nyingine.

Wangu ulikuwa meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mwingi wa aina hii si saratani, na hukua polepole kwa miaka bila mwenyewe kujua. Ulikuwa umekaa upande wa kulia, juu ya sehemu inayoendesha mkono wa kushoto, ndiyo maana dalili ya kwanza haikuwa kichwa kuuma. Nilikuwa kwenye cherehani nasukuma kitambaa, kidole gumba cha kushoto kikaanza kucheza chenyewe. Baadaye ikawa kiganja, halafu mkono mzima mpaka begani, na mimi nina akili zangu timamu, nautazama tu. Siku iliyofika usoni nikaanguka.

Kwa hiyo kifafa kikimwanza mtu mzima, hasa kikianzia upande mmoja wa mwili, ulizia kipimo cha kichwa, CT scan au MRI. Usiridhike na vidonge peke yake, na usimalize miezi kwa mganga.

Kwa nini dawa ziendelee? Ubongo uliokandamizwa muda mrefu unabaki na alama, na upasuaji wenyewe unaacha kovu. Hitilafu ya umeme wa ubongo, ambayo ndiyo inayoleta kifafa, inaweza kuanzia hapo. Kuna ambao kifafa hukoma kabisa baada ya upasuaji, kuna ambao hupungua, na wapo ambao huanza kuanguka baada ya kupasuliwa. Madaktari wengi hawazungumzii kupunguza dawa mpaka mtu akae muda mrefu bila kuanguka, mara nyingi miaka 2, na hata hapo hupunguza kidogo kidogo. Ukiacha ghafla unaweza kupata kifafa cha mfululizo kisichokatika, na hicho kinaua.

Mimi nameza saa moja asubuhi na saa moja jioni. Nanunua kabla karatasi ya mwisho haijaisha. Nikisafiri kwenda mkoani vidonge vinakaa kwenye pochi ya mkononi, kamwe si kwenye begi lililoingia buti la basi. Na duka la dawa wakinipa boksi lenye jina tofauti na nililozoea, siondoki mpaka niulize.

Lakini dawa bila usingizi ni kazi bure. Kukesha ndiko kunakoniangusha upesi kuliko kitu chochote, na sisi watu wa Pwani tunakesha kwa kila jambo: msiba, harusi, ngoma. Msibani siku hizi nakwenda mchana, usiku narudi kwangu. Wapo walionuna. Nimewaambia wanipangie kuchambua mchele mkekani, si kusimama juu ya sufuria la pilau kwenye moto wa kuni. Dk. Louise Jilek-Aall, aliyehudumia wagonjwa wa kifafa kule Mahenge, Morogoro, miaka ya 1960, aliwakuta watu wenye makovu mabaya ya moto, kwa sababu walikuwa wakiangukia jikoni. Moto haujabadilika tangu enzi hizo. Na Ramadhani? Vidonge vya mara mbili kwa siku vinaweza kupangwa futari na daku, ila daku yenyewe inakata usingizi. Daktari wangu alinikataza kufunga, natoa fidia, na sioni haya.

Kuhusu kidonda, wiki za mwanzo zina vitisho vyake. Jicho la upande uliopasuliwa linaweza kuvimba mpaka likafumba, ngozi ya kichwa inakufa ganzi, halafu kovu linawasha wakati wa kupona. Deksamethazoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, inaleta njaa ya ajabu na kunyima usingizi, inaweza pia kupandisha sukari. Usiikate mwenyewe, inapunguzwa kwa mpangilio. Cha kukukimbiza hospitali ni maji maangavu kutoka kwenye mshono au puani, homa na shingo kukakamaa, kichwa kinachozidi kuuma huku unatapika, au mguu mmoja kuvimba.

Kilichonichosha zaidi ni uchovu usioisha kwa kulala, na kelele. Cherehani tatu zikilia pamoja nilikuwa natoka nje. Mkono wa kushoto uliporudi dhaifu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinitaka nitumie kazi yangu mwenyewe: namwaga vifungo vya shati juu ya meza, naviokota kimoja kimoja kwa kushoto, navirudisha koponi. Vile vidogo vya kola vilinitoa machozi.

Nilipofungua tena kibanda, kabla ya kumfundisha binti ninayemlea kwenye ufundi kukata gauni, nilimfundisha la kufanya nikianguka. Ondoa mkasi na pasi. Weka kitambaa chini ya kichwa changu, mtetemeko ukipungua nilaze ubavu, tazama saa. Usinishikilie, usiniwekee kijiko mdomoni, usininyweshe maji wala kuninusisha kitunguu. Ikipita dakika 5, au kikirudi kabla sijazinduka, ita bajaji twende hospitali. Akaniuliza, "Na yale mapovu, Mama Zai, hayaambukizi?" Ni mate, nikamwambia, futa kwa kitambaa.

Wanawake wenzangu, nina neno moja la ziada. Kabamazepini, mojawapo ya dawa za kifafa, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, na sodiamu valproeti, nayo ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ukienda kliniki ya uzazi nenda na boksi la dawa zako, liweke mezani kabla hujaulizwa. Na kama tayari una mimba, usiziache kwa hofu. Wahi kwa daktari wako wiki hiyo hiyo.