Zege la leo bado linafuata sheria za zamani

Katika kazi ya kusimamia ujenzi, ugomvi ninaokutana nao mara nyingi kuliko wowote ni wa maji. Fundi anataka zege jepesi liteleze lenyewe ndani ya fomu, yale mabao yanayolishika hadi ligande, mimi nataka zito. Ndoo moja ya ziada inampunguzia kazi ya koleo, sawa, lakini maji ambayo saruji haikuyahitaji huacha vitundu vidogo yanapotoka, na nguvu ya nguzo inapotelea humo.

Warumi wa kale hawakuwa na maabara, ila walichanganya zege lao likiwa zito kisha wakalishindilia. Lilikuwa la chokaa na jivu la volkano, lile la Pozzuoli karibu na Naples likisifika zaidi. Kuba la Pantheon, hekalu la kale kule Roma, lililojengwa karne ya 2, lina upana wa mita 43 hivi na halina nondo hata moja. Chini waliweka mawe mazito, na kadiri walivyopanda wakatumia mepesi zaidi. Uzito ulipangwa kabla ya kumwaga, na hilo ndilo ninalomsihi kila anayejenga: jua mzigo utakaa wapi kabla hujanunua mfuko wa kwanza.

Saruji ya Portland, aina tunayotumia leo, ilipewa hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1824, kwa Joseph Aspdin, fundi ujenzi wa Leeds, Uingereza. Nondo zikaja baadaye. Mwaka 1867 Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hataza ya vyungu vya mimea vya saruji vyenye waya ndani. Ndoa hiyo ilidumu kwa sababu zege huvumilia kukandamizwa lakini hukatika likivutwa, na chuma hubeba ule mvuto. Tena vyote viwili hutanuka karibu sawasawa kwenye joto.

Adui ni kutu. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hupasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo usikubali nondo zilale juu ya ubao wa fomu. Ziinue kwa vipande vya zege ili zege lizifunike pande zote, kisha uchungulie mwenyewe kabla ya kumwaga, maana baada ya hapo hakuna atakayeziona tena.

Halafu mwagilia zege lako. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kushikamana na maji, na zege likikaushwa na jua mapema kazi hiyo inakatika njiani. Siku 7 za kuliweka unyevu ndicho kiwango cha chini ninachokubali. Nguvu yake hupimwa siku ya 28, kwa hiyo msikimbilie kung'oa mihimili inayoshikilia fomu ya dari.

Kuhusu mashine nina machache. Warumi waliinua mawe kwa gurudumu kubwa ambalo watu walitembea ndani yake, na kamba ikajizungusha kwenye gogo. Winchi ya leo ina injini badala ya miguu, lakini kamba na kapi zipo vilevile, na ndizo za kukaguliwa kila asubuhi.

Timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, nayo haijastaafu. Leza nyingi za kupimia usawa zinazojisawazisha zina kitu kinachoning'inia ndani, kikivutwa chini kama ile timazi ya uzi. Leza yako ikidondoka, ilinganishe kwanza na uzi wenye uzito kabla ya kupanga tofali linalofuata.