Jibu: Maktaba ya shule isiyo na intaneti, uanzie wapi?

Mwalimu, nikifupisha swali lako: shule ya kata upande wa Nachingwea, chumba kimoja, vitabu kama 400, kompyuta 4 za mtumba, mtandao wa kubahatisha, na mkuu wa shule anataka wanafunzi "wajue mambo ya kidijitali".

Anza na daftari. Kompyuta zikae kwenye maboksi hata wiki mbili. Mwanafunzi asiyejua swali lake liko kwenye rafu ipi, kwenye skrini atakwama palepale: hajui atafute kwa neno gani.

Daftari la kupokelea vitabu liwe na namba, tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, kilikotoka na maoni. Kila nakala ina namba yake. Wengi huandika "Biolojia kidato cha 2, nakala 10" kwa mstari mmoja, halafu kimoja kikipotea hakuna ajuaye kilikuwa mikononi mwa nani. Muhuri upige ukurasa wa jina na ukurasa mwingine mmoja wa siri, tuseme wa 17. Anayechana wa kwanza hajui kama kuna wa pili.

Kupanga, tumia Dewey (mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za masomo) ya tarakimu tatu: hisabati 510, fizikia 530, kemia 540, biolojia 570, kilimo 630 (korosho na miti mingine ya matunda 634), Kiswahili 496, fasihi yake 896. Historia ya Tanzania iachie nukta yake, 967.8, isichanganyike na ya majirani. Lebo ikae sentimita 3 kutoka chini ya mgongo wa kitabu, ifunikwe selotepu pana, maana jasho la mikono litaifuta kabla muhula haujaisha. Rafu zikae sentimita 10 mbali na ukuta ili uone njia ya mchwa mapema. Oili chafu paka miguuni mwa rafu tu. Ikigusa ubao wa juu, vitabu vitainywa.

Sasa kompyuta. Usikimbilie kununua seva (kompyuta maalumu ya kuhudumia nyingine). Chagua iliyo na nguvu kuliko zote, iwekee Kiwix, programu ya bure inayosoma Wikipedia na maktaba nyingine bila intaneti. Faili zake huishia na .zim, zipakue ukiwa mjini penye bando la uhakika. Anza na Wikipedia ya Kiswahili. Ya Kiingereza nzima yenye picha inapita GB 100, hivyo chukua mafungu ya masomo unayohitaji. Kosa la kila siku: flashi iliyofomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili) haipokei faili lililozidi GB 4, hata ikiwa tupu. Ifomati upya kwa exFAT.

Kiwix ya kompyuta ina seva yake ndani. Iwashe, unganisha kompyuta zote kwa waya kupitia swichi ya mtandao (kisanduku cha kuunganishia nyaya) ya matundu 5 au 8. Bila ruta hakuna wa kugawa anwani, kwa hiyo ziandike mwenyewe: 192.168.1.10 (yenye Kiwix) hadi 192.168.1.13, maski 255.255.255.0. Hizo nyingine zifungue kivinjari na kuandika 192.168.1.10:8080. Zikigoma, mara nyingi ni Windows: iliuliza kama iiruhusu Kiwix kwenye mtandao, mtu akabonyeza kukataa.

Mambo ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) na mitihani iliyopita ya NECTA pakua mjini, weka kwenye folda ya pamoja. Zipe faili majina ya kusomeka: mwaka, somo, kidato. Folda yenye "download(3)" na "scan0012" hakuna atakayeifungua.

Kipindi chenyewe ndicho chenye kazi. Darasa la 45 kwa kompyuta 4 lina maana wanne wanne kwenye skrini, waliobaki kwenye rafu na swali lilelile, wabadilishane kila dakika 20. Kibodi izunguke kila dakika 5, la sivyo yule mmoja aliyezoea simu ya kaka yake ataikalia mwanzo hadi mwisho.

Swali liwe la kwenu. Mfano: "Mnyama mkubwa aliyechimbwa Tendaguru anaitwaje, na mifupa yake iko wapi?" Tendaguru iko Lindi, Wajerumani walichimba mwaka 1909 hadi 1913, na kiunzi kikubwa cha dinosaria kimesimama kwenye makumbusho Berlin. Uzuri wa swali hili ni kwamba majibu yanagongana. Vitabu vya zamani husema Brachiosaurus, vipya husema Giraffatitan. Mwanafunzi atakuja mbio kwamba kitabu "kimekosea". Mrudishe kwenye mwaka wa kuchapwa: jina la kwanza lilitolewa 1914, wanasayansi wakaja kumtenga baadaye. Idadi ya watu nayo ni hivyohivyo: Mkoa wa Mtwara ulikuwa na 1,270,854 kwa sensa ya 2012 na 1,634,947 kwa ya 2022. Zote sahihi, kila moja na mwaka wake.

Wengi wataandika swali zima kwenye kisanduku cha kutafutia na kupata takataka. Wazoeshe kutoa jina moja gumu, "Tendaguru", si "mnyama mkubwa". Na Kiswahili kikitoa mistari mitatu, wajaribu neno la Kiingereza, ambalo kamusi iliyo rafuni italitoa. Hapo ndipo rafu na skrini zinapokutana, na ndiyo sababu sipendi maktaba ya kompyuta ijengwe chumba kingine.

Kila kundi lijaze kadi: swali, maneno yaliyotumika, vyanzo viwili (mwandishi, mwaka, ukurasa), jibu la sentensi tatu. Kompyuta wameshaifunga wakati wa kuandika hizo sentensi. Ikiwa wazi, watanakili neno kwa neno pamoja na namba za tanbihi.

Kukopesha: siku 7, kadi ndani ya mfuko wa kitabu. Vyote virudi kabla ya Oktoba, korosho zikianza kuokotwa mahudhurio hupungua na vitabu hubaki mashambani.

Flashi za nje zisichomekwe. Iwepo moja tu ya mkutubi. Na umeme ukisumbua, zima ile kompyuta yenye Kiwix mapema kwa utaratibu wake, usisubiri ukatike. Diski ya mtumba haivumilii kukatiwa mara nyingi.