Upepo, bikoni na kaunta buku moja

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtaani kwenu kuna historia gani ambayo haijaandikwa popote, na wewe ungeianzia wapi? Mimi ni fundi redio hapa Dodoma, kibanda changu hakiko mbali na soko la Majengo, na ningeianzia kwenye kaunta buku iliyoliwa na mchwa pembeni. Ni ya kikundi chetu cha kurusha ndege ndogo, zile za rimoti. Ina safu nne: tarehe, mwenye ndege, imeangukia wapi, sababu. Safu ya sababu, ukurasa hadi ukurasa, imejaa neno moja tu. Upepo.

Sikatai, Dodoma upepo upo. Kiangazi kikishika, upepo wa kusini-mashariki unavuma mpaka bati zinalia, na mchana chamchela zinatembea barabarani kama watu wenye safari. Lakini kaunta buku yetu imeusingizia upepo mambo mengi.

Tulianza bila rimoti. Serikali ilikuwa haijahamia, Swaswa kwa sehemu kubwa ilikuwa miiba na mbuzi, nasi tulikuwa watu watano na seremala mmoja mzee wa Kigogo tuliyemwita Babu. Ndiye aliyetufundisha kutumia mabua ya mtama. Bua likikauka sawasawa ukalimenya ganda, ule moyo mweupe wa ndani ni mwepesi kuliko mbao yoyote ya dukani. Unaunga vipande kwa miiba ya mgunga, bawa unalivika karatasi, mbele unaweka panga la kuzunguka, yaani propela, la bati la kopo, na chini ya tumbo unanyoosha mpira wa tyubu ya baiskeli. Unauzungusha mpira mpaka ujifunge vifundo vifundo, unaachia, na ndege inakwenda. Tulijiona wavumbuzi hadi kijana mmoja wa chuo alipotuambia kwamba Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ya mpira wa kusokota huko Paris mwaka 1871, ikaenda mita 40 hivi kwa sekunde 11. Babu akauliza kama huko nako wanalima mtama.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni mizani. Ndege ya mabua ikiwa nzito mkiani inainua pua, inasita hewani, halafu inaporomoka kama embe. Dawa yake ni kuibeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kama robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikitulia hapo, itaruka. Ikiegemea nyuma, ongeza uzito puani. Tulikuwa tunabandika sarafu ya shilingi mia mbili kwa gundi, na ndege ikipotea porini mtu alikuwa analilia sarafu kwanza.

Rimoti zilikuja baadaye, na mimi ndipo nilipopata cheo, maana za mitumba zilifika zimekufa. Mabua yakaachia nafasi yale mapovu meupe yanayokingia runinga ndani ya boksi. Wanachama wakaongezeka, maneno nayo yakaongezeka.

Asubuhi moja akaja kijana kutoka Dar na ndege yake nzuri ya kununua. Tukamwambia, mdogo wangu, hapa tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya kwenu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Panga linapata hewa kidogo ya kusukuma, na bawa linataka mwendo zaidi ndipo libebe. Iache ikimbie chini kwanza. Akacheka. Akaivuta juu pale pale alipozoea kuivutia kwao, ikanyanyuka kidogo, ikalala ubavu na kuingia kwenye miiba. Ilikuwa saa moja asubuhi, hata jani halitikisiki. Fungueni kaunta buku mwone palivyoandikwa: upepo.

Safu ninayoiamini mimi ni ya tatu, imeangukia wapi. Ukiifuata unaona mji unavyokua. Kurasa za mwanzo ni Swaswa tupu. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli, Mei 2017 CDA, mamlaka iliyokuwa inaustawisha mji huu kama makao makuu, ikavunjwa na kazi zake zikaenda halmashauri, na upimaji wa viwanja ukashika kasi. Sisi habari ya upimaji tuliipata kwa gurudumu: ndege yangu ilikuwa inatua vizuri kabisa, ikajikwaa kwenye bikoni, lile jiwe la zege la kuonyesha mpaka wa kiwanja, iliyojificha majanini, ikabinuka. Jumapili iliyofuata tulihesabu bikoni nyingine sita. Tukahamia upande wa Iyumbu. Nako nyumba zikatufuata.

Kaskazini hatuwezi kwenda, maana Msalato ndiko uliko uwanja mpya wa ndege. Katikati ya mji kuna uwanja wa zamani, na ndege kubwa hazina utani, wala TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa hiyo tukashika barabara ya Iringa hadi Mpunguzi, kwenye zabibu. Mabawa tunayapakia kwenye daladala, na kuna kondakta aliyetaka yalipiwe nauli kwa kuwa yamekaa kiti.

Huko, wiki ya kwanza tu, ndege ikatua katikati ya shamba la zabibu zilizokaribia kuvunwa. Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuja na jembe begani. Nikamwamkia "Mbukwenyi", nikaomba radhi, nikajieleza. Akaitazama ndege, akatazama mashada mawili yaliyopukutika, akaniuliza:

"Baba, na wewe una watoto?"

"Ninao, mama."

"Na wanajua uko huku?"

Nililipa yale mashada. Siku hizi mjukuu wake ndiye anayetushikia kaunta buku, ana mwandiko mzuri kutuzidi wote. Jumapili iliyopita nilisahau kuchaji betri ya rimoti, ndege ikaniacha angani na kwenda kujipigiza kwenye mbuyu. Yule mtoto akaja na kalamu, akanitazama usoni, akasubiri niseme sababu.

Nikamwambia aandike upepo.